Diploma ya Kazi ya Nyumba na Ardhi: Gharama Yake na Faida Yake

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na jamaa zao, Dunga, Kisumu)

Sitasema maneno mengi ya siasa leo. Nimekuja na hesabu, na nawaomba mnisikilize kwa subira, kwa sababu hesabu si tamu kama hadithi.

Jambo hili lilianza kwa swali la mama mmoja wa hapa pwani ya Dunga. Jina lake silitaji. Mama huyu ni mjane. Anauza omena, na ana mashua moja yenye injini aliyoachiwa na marehemu mumewe. Binti yake amemaliza kidato cha nne akapata alama ya C ya kutoa. Binti anataka kusomea diploma ya usimamizi wa nyumba na ardhi katika chuo cha ufundi. Kuna mtu amekwisha kufika bei ya ile injini, Shs. 150,000. Basi mama akaniuliza: "Ndugu, niuze injini nimsomeshe mtoto, au nikae nayo? Hiyo karatasi italipa?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia nipe muda. Nimeuliza, nimesoma, nimepiga hesabu, na leo nalileta jibu mbele yenu wote, maana najua wako wengi wenye swali lile lile. Mwingine hauzi injini. Anauza ng'ombe, au kipande cha shamba, au anachukua mkopo katika chama cha akiba. Swali ni moja.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Kwanza tujue tunazungumza habari ya kazi gani. Watu husema tu "kazi ya ploti", lakini ndani yake mna kazi nne mbali mbali.

Ya kwanza ni kusimamia nyumba za kupanga: kutafuta wapangaji, kukusanya kodi, kutengeneza paa na bomba, na kumpelekea mwenye nyumba hesabu yake kila mwezi. Ya pili ni kuuza na kununua kwa niaba ya mtu mwingine. Ya tatu ni kuthamini, yaani kusema nyumba hii au shamba hili ni la fedha ngapi, kwa ajili ya benki, mahakama, au serikali inapotaka kulipa fidia ya barabara. Ya nne ni kupima ardhi na kuweka mawe ya mipaka.

Hizi kazi nne si mlango mmoja. Katika Kenya, mthamini anaongozwa na Sheria ya Wathamini, Sura ya 532, na ana bodi yake. Wakala wa nyumba na ardhi anaongozwa na Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533, na ana bodi yake pia. Mpima ardhi ana sheria yake. Sheria hizo za mawakala na wathamini ziko tangu miaka ya 1980, na zasema wazi kwamba mtu asifanye kazi hiyo kwa malipo kama hakuandikishwa na bodi.

Sasa ninyi mwajua hali ilivyo. Kila kituo cha matatu kina dalali wa ploti. Wengi wao hawakuandikishwa popote. Wengine ni watu wa kweli, wamefanya kazi miaka mingi. Wengine ni wezi. Mimi mwenyewe niliwahi kumpa mtu fedha za ploti ambayo ilikuwa imekwisha kuuzwa kwa watu wengine wawili. Sitasema ni nani wala ni lini. Nasema tu kwamba somo lile nililipia karo kubwa kuliko ya chuo.

KWA NINI VIJANA WANAITAMANI KAZI HII?

Vijana si wajinga. Wanaona kwa macho yao. Reli ilifika hapa mwaka 1901, na mji ukakua kutoka bandarini. Kisumu ikapewa hadhi ya jiji mwaka 2001. Tangu hapo nyumba zimejengwa pande zote, mashamba ya babu zetu yamekatwa ploti za robo na nusu ya robo, wanafunzi wa vyuo wanatafuta vyumba, na wageni wanataka nyumba zinazotazama ziwa. Kijana anamwona mtu mwenye viatu vilivyong'aa akimwonyesha mteja ploti, na kwa saa moja anapata fedha ambazo mama yake hapati kwa mwezi mzima wa kuanika omena juani.

Lakini kijana haoni miezi mitano ambayo mtu yule hakuuza kitu. Viatu vinang'aa siku zote; mfuko haung'ai siku zote.

Tena hapa kwetu ardhi ina mambo yake. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda kupita alama ya mwaka 1964, yakaingia katika nyumba na vibanda vya pwani, na Dunga hii tuliona kwa macho yetu. Mwaka 2024 maji yakapanda tena. Watu waliouziwa ploti wakati wa ukavu walikuja kukuta samaki wanapita walipotaka kuweka msingi. Kwa hiyo kazi hii yahitaji mtu mwenye elimu na mwenye ukweli. Sikatai hilo hata kidogo. Swali letu ni kama diploma yenyewe itamlipa yule aliyeinunua.

GHARAMA

Watu wengi wakitaja gharama hutaja karo peke yake. Hilo ni kosa la kwanza.

Mwaka 2018 serikali iliweka karo ya vyuo vya ufundi vya umma kuwa Shs. 56,420 kwa mwaka. Serikali ilitoa Shs. 30,000 na mzazi akabaki na Shs. 26,420. Mwaka 2023 mpango ukageuzwa: karo ikatajwa kuwa Shs. 67,189 kwa mwaka, na msaada ukaanza kupimwa kwa kuangalia hali ya kila jamaa. Mipango hii hubadilika, kwa hiyo kila mzazi aende chuoni akachukue karatasi ya karo ya mwaka huu, yenye muhuri. Asikubali kuambiwa kwa simu. Vyuo vya watu binafsi vina bei zao, na vingine hutoza zaidi ya hapo.

Kwa hesabu yetu ya leo nachukua chuo cha umma, miaka 3, karo kamili bila msaada, na binti analala nyumbani kwa mama yake hapa Dunga.

Karo: Shs. 67,189 mara 3, ni Shs. 201,567.

Nauli: tuseme Shs. 100 kwa siku, siku 180 kwa mwaka. Hiyo ni Shs. 18,000 kwa mwaka, na kwa miaka 3 ni Shs. 54,000.

Vitabu, mitihani, nguo za heshima za kwenda kujifunzia kazi katika ofisi ya watu: tuseme Shs. 15,000 kwa mwaka, ni Shs. 45,000.

Sasa linakuja jambo ambalo halimo katika karatasi ya chuo. Binti huyu akiwa nyumbani anamsaidia mama yake, na anapata kama Shs. 6,000 kwa mwezi kwa kazi ya omena. Akiingia darasani fedha hizo haziko. Kwa mwaka ni Shs. 72,000, na kwa miaka 3 ni Shs. 216,000. Fedha ambazo hukuzipata kwa sababu ulikuwa darasani ni gharama sawasawa na fedha zilizotoka mfukoni.

Jumla ni Shs. 516,567. Mnaona, ndugu zangu? Mama alidhani anauliza habari ya Shs. 150,000 za injini. Kumbe ni zaidi ya nusu milioni.

Na injini yenyewe? Mama aliniambia mashua ikitoka vizuri humwachia nyumbani kama Shs. 500 kwa siku baada ya kulipa mafuta na vijana wa mashua, na hutoka kama siku 20 kwa mwezi. Hiyo ni Shs. 10,000 kwa mwezi. Kwa miaka 3 ni Shs. 360,000. Basi akiuza injini kwa Shs. 150,000 anakuwa amekata mti unaozaa matunda ya Shs. 360,000 katika muda ule ule wa masomo, na mwisho wake hana mti wala matunda. Na watoto wengine wadogo wawili watakula nini?

FAIDA

Sasa tupime upande wa pili wa mizani, tena kwa haki. Tuchukue njia tatu ambazo binti anaweza kupita baada ya diploma.

Njia ya kwanza: anapata kazi katika kampuni ya kusimamia nyumba, kwa mshahara wa Shs. 25,000. Zamani alikuwa anapata Shs. 6,000. Faida yake ni Shs. 19,000 kwa mwezi. Ile gharama ya Shs. 516,567 itarudi kwa muda wa miezi 27 au 28, yaani miaka miwili na robo. Hiyo ni biashara nzuri.

Njia ya pili: anapata kazi ya mshahara wa chini. Amri ya mishahara ya Novemba 2024 iliweka mshahara wa chini wa kibarua wa kawaida katika miji mikubwa, Kisumu ikiwamo, kuwa Shs. 16,113.75 kwa mwezi bila posho ya nyumba. Tuseme Shs. 16,000. Faida ni Shs. 10,000 kwa mwezi. Gharama itarudi kwa miezi 52, yaani miaka 4 na miezi 4. Hiyo si mbaya, lakini yataka uvumilivu.

Njia ya tatu: hapati mshahara, anaambiwa, "Njoo ofisini, kaa hapa, tutakulipa kamisheni." Mwezi mmoja anapata, miezi mitatu hapati. Ukigawanya unakuta Shs. 8,000 kwa mwezi. Faida ni Shs. 2,000. Gharama itarudi kwa miezi 258. Hiyo ni zaidi ya miaka 21! Atakuwa mama wa watoto wakubwa kabla diploma haijajilipa.

Diploma ni ile ile, mtoto ni yule yule, na walimu ni wale wale. Tofauti iko katika mlango anaoingia baada ya kutoka chuoni. Kwa hiyo mzazi anayeuliza "chuo hiki ni kizuri?" ameuliza nusu ya swali. Nusu ya pili ni hii: "Waliomaliza hapa miaka miwili iliyopita wako wapi leo, na wanalipwa kwa mshahara au kwa kamisheni?" Chuo kisichoweza kukuonyesha hata watu watano, shika fedha zako.

Vijana wengine husema, "Mimi sitaki kuajiriwa, nitafungua ofisi yangu." Vema. Tupige hesabu hiyo pia. Nyumba ya kupanga ya Shs. 6,000 kwa mwezi, wakala akichukua asilimia 8, anapata Shs. 480. Akiwa na nyumba 40 za namna hiyo, zote zimejaa na wapangaji wote wamelipa, anapata Shs. 19,200. Hapo hajalipa chumba cha ofisi, simu, nauli, wala kodi ya serikali. Na nani atampa kijana asiyejulikana nyumba 40? Mwenye nyumba humpa mtu anayemwamini. Uaminifu huo haumo katika diploma. Unajengwa kwa miaka, na unavunjika kwa siku moja ukila kodi ya mtu.

KARATASI, LESENI NA MAARIFA

Sasa nifike mahali ambapo wengi hupotea. Kuna vitu vitatu, na watu huvichanganya: karatasi, leseni na maarifa.

Karatasi ni diploma. Leseni ni kule kuandikishwa na bodi. Maarifa ni kile kilichomo kichwani.

Diploma peke yake haikufanyi kuwa wakala aliyeandikishwa. Bodi hutazama elimu yako na hutazama pia uzoefu wako wa kazi. Wala diploma haikufanyi mthamini; hiyo ni njia ndefu zaidi, na wengi hupitia shahada ya chuo kikuu. Mtoto akisema anataka kuwa mthamini, mzazi ajue mapema kwamba miaka 3 ya diploma ni ngazi ya kwanza tu, na aulize kama chuo kikuu kitampunguzia miaka kwa sababu ya diploma hiyo.

Jambo hili si letu peke yetu. Kule Marekani wana vyuo vya jamii vya miaka miwili, na vingi hufundisha habari ya nyumba na ardhi. Lakini leseni ya kuuza nyumba hutolewa na kila jimbo, na katika majimbo mengi haidai digrii. Jimbo la California hudai masomo matatu tu ya kiwango cha chuo na kufaulu mtihani wa jimbo; Texas hudai saa 180 za masomo. Kwa hiyo hata huko mzazi na kijana hujiuliza: nilipe miaka miwili ya chuo, au nichukue masomo mafupi ya leseni, nianze kazi, halafu nisome polepole? Hapa kwetu sheria ni nyingine, lakini busara ni ile ile: uliza kwanza leseni yadai nini, ndipo ununue karatasi.

Kwa hiyo kabla ya kulipa hata senti moja, pelekeni maswali haya chuoni, mjibiwe kwa maandishi:

1. Chuo hiki kimekubaliwa na TVETA, na kozi hii yenyewe imekubaliwa? Chuo chaweza kuwa na ruhusa, na kozi isiwe nayo.

2. Mtihani wa mwisho unatolewa na nani?

3. Bodi ya Mawakala wa Nyumba inaikubali diploma hii? Msitosheke na neno la chuo. Mwandikieni Msajili wa Bodi wenyewe.

4. Chuo humtafutia mwanafunzi mahali pa kujifunzia kazi, au humwachia atafute mwenyewe?

5. Karo ikichelewa, mtoto anafukuzwa kwenye mtihani?

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na mwenye kuogopa kuuliza kwa sababu karani amevaa tai, atalipa kwa kuogopa kwake.

Habari ya maarifa sasa. Kuna mambo ambayo kila mfanya kazi anapaswa kuyajua, ana diploma au hana. Shamba la kilimo haliuzwi bila idhini ya Bodi ya Ardhi ya mahali pale. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 yasema idhini iombwe katika miezi 6, na bila idhini mapatano ni bure. Shamba ambalo bado limeandikwa kwa jina la babu aliyekufa haliwezi kuuzwa na mjukuu mpaka mambo ya urithi yamalizike mahakamani. Nyumba wanamoishi mume na mke haiuzwi na mmoja bila mwenziwe kukubali. Mtu asiye raia hawezi kumiliki ardhi ya Kenya milele. Katiba ya 2010 humpa muda usiozidi miaka 99. Na kila mnunuzi aende ofisi ya ardhi kutazama rekodi kabla ya kutoa fedha, maana nakala ya hati mkononi mwa muuzaji si ushahidi.

Mambo haya nimeyasema kwa dakika mbili, na hamkulipa karo. Nasema hivyo si kwa kudharau chuo. Nasema kwa sababu wazazi wengine hunambia, "Nataka mtoto asome ili ukoo wetu usidanganywe kwa ardhi." Kama haja ni hiyo tu, Chama chaweza kumleta wakili hapa jioni moja kila baada ya miezi mitatu, na ukoo mzima usome. Nusu milioni ni bei kubwa mno ya kununua maarifa ya jioni moja.

NJIA NYINGINE ZA KUFIKA

Tusisahau pia kwamba nyumba hazijengwi wala kutunzwa kwa makaratasi. Zataka fundi wa umeme, fundi wa bomba, fundi wa rangi. Hapa Kisumu kuna kituo cha NITA, na fundi aliyejifunza kazi kwa mikono aweza kufanya mtihani wa ufundi wa daraja la tatu, la pili na la kwanza bila kukaa darasani miaka mitatu. Kijana anayetunza nyumba za kupanga, akijua bomba na umeme, na akijua kuandika daftari la kodi, huyo ana msingi wa kazi hii kuliko mwenye diploma asiyejua kufunga mfereji. Akiongeza diploma baadaye, kwa fedha zake mwenyewe, hapo atakuwa mtu kamili.

Na wale wanaotaka darasa kwanza, fedha zaweza kupatikana bila kuuza chombo cha kazi. Kuna mkopo wa HELB kwa wanafunzi wa vyuo vya ufundi. Mkopo huo ni wa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, lakini jueni kwamba ni deni, si zawadi. Mtu akimaliza masomo na kuacha kulipa, faini yake ni Shs. 5,000 kwa kila mwezi. Kuna basari za kaunti na za eneo la bunge. Na kuna chama chetu cha akiba.

Tazameni hesabu inavyogeuka. Tuseme msaada na basari vinapunguza karo nusu: ile Shs. 516,567 inashuka hadi kama Shs. 416,000. Tuseme binti anafanya kazi ya omena siku za likizo na za mwisho wa juma, anapata Shs. 2,000 kwa mwezi: kwa miaka 3 ni Shs. 72,000, na gharama inashuka hadi Shs. 344,000. Sasa hata akipata mshahara wa chini wa Shs. 16,000, gharama inarudi kwa miezi 34 au 35 badala ya 52. Na injini bado iko majini inafanya kazi.

JIBU LANGU

Mama, najua uko hapa. Ulingoja, nami nakushukuru. Jibu langu ni hili.

Usiuze injini. Chombo kinacholisha nyumba hakiuzwi ili kununua matumaini, hata matumaini yakiwa mazuri. Injini ikiuzwa na masomo yakakatika mwaka wa pili kwa kukosa karo, utakuwa umepoteza vyote viwili. Karo ya mwaka wa pili ingetoka wapi, kama si katika mashua hiyo hiyo?

Lakini usimkataze mtoto. Mpeni miezi mitatu kwanza. Akae na wakala aliyeandikishwa, au katika ofisi ya mtu anayesimamia nyumba za kupanga, hata kwa nauli tu. Akusanye kodi, aone mpangaji anayefungia mlango, aone mwenye nyumba anayepiga kelele, aandike daftari. Kama baada ya miezi mitatu bado anaitaka kazi hii, basi anaitaka kweli, na atakuwa amepata mtu mmoja katika kazi hiyo anayemjua kwa jina. Mtu huyo mmoja aweza kuwa ndiyo tofauti kati ya njia ya kwanza na njia ya tatu.

Halafu aombe nafasi katika chuo cha umma kilicho karibu, alale nyumbani, aombe HELB na basari, na mashua ilipe kinachobaki. Kama vyuo vya karibu havina kozi hiyo, pigeni hesabu upya na kodi ya chumba ndani yake, kabla ya kusema ndiyo.

Nawe binti, neno moja kwako. Mama yako alikuwa tayari kuuza kitu cha pekee alichoachiwa na baba yako. Usiifanye diploma hiyo kuwa ya kutundika ukutani. Na siku utakapokuwa wakala, usimuuzie mtu ploti inayolala chini ya maji.

KWA CHAMA

Ndugu Mwenyekiti, namaliza kwa maombi matatu kwa Kamati. Kwanza, Chama kikusanye karatasi za karo za vyuo vya umma vya Kisumu na majirani zake, kiziweke ofisini ili kila mwanachama azione bila kulipa nauli ya kuzunguka. Pili, tumwite wakili aje atufundishe habari ya ardhi, na mlango uwe wazi kwa wake na watoto wa wanachama. Tatu, chama cha akiba kifikirie mkopo mdogo wa masomo, ulipwe kidogo kidogo, ili mwanachama asilazimike kuuza nyavu, mashua, cherehani wala ng'ombe wa maziwa.

Wazee wetu wa vyama vya wafanya kazi waliamini elimu. Mwaka 1959 Tom Mboya alisaidia kupeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege moja, na watu wengi wa kawaida walichanga nauli na matumizi yao. Hawakumwacha mzazi mmoja abebe mzigo peke yake. Nasi tusimwache mama mmoja wa Dunga akae usiku akijiuliza peke yake kama auze injini.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Na elimu nayo ni mali. Iandikeni katika daftari kabla hamjainunua.

Umoja ni nguvu.